Mhojiwa anapogeuka mhubiri: kuwahoji watu kuhusu maisha yao ya kiroho

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili ya saikolojia. Utafiti wangu unahusu namna watu waliopona ugonjwa mzito wanavyoyaelezea maisha yao ya kiroho. Nimeandaa mwongozo wa maswali 22, nimeuambatisha hapa. Nimeujaribu kwa watu wawili. Wa kwanza alinihubiria karibu muda wote. Wa pili alisema "ndiyo, namwamini Mungu," akanyamaza, halafu akaniuliza mimi nasali wapi. Nikababaika. Sasa nina kurasa nyingi za maandishi zisizonisaidia kitu. Nimekosea wapi? Na nihoji watu wangapi ili tasnifu isikataliwe?

Jibu: Marahaba. Nimeusoma mwongozo wako wote. Watu wako wawili hawana kosa. Wamejibu barabara kile walichoulizwa. Swali lako la kwanza linasema, "Una imani gani kuhusu Mungu?" La pili, "Hali ya kiroho ina umuhimu gani katika maisha yako?" La tatu linauliza kama imani husaidia kupona. Yote matatu yanamtaka mtu atoe msimamo, na mtu anayetakiwa msimamo juu ya imani ni nadra kujisemea mwenyewe. Huisemea dini yake, wazazi wake, na waumini wenzake ambao anahisi wanamsikiliza ingawa hawamo chumbani. Mwenye maneno mengi atahubiri. Mwenye maneno machache atakiri imani kwa sentensi moja na kufunga mdomo. Jibu ni lile lile, limepishana urefu tu.

Mwanasaikolojia hatafuti fundisho. Fundisho liko vitabuni, tena limepangwa vizuri kuliko atakavyolipanga mhojiwa yeyote. Unatafuta jambo lililompata mtu huyu, saa fulani, mahali fulani, na jinsi alivyoishi nalo baadaye. Acha kuuliza imani, uliza matukio. Hilo peke yake litakubadilishia nusu ya mahojiano yako.

Si wazo jipya. Edwin Starbuck, mwanasaikolojia wa Marekani, alikusanya kwa hojaji masimulizi ya watu waliobadilika kiimani, akachapisha matokeo yake mwaka 1899. Mswada wa majibu hayo alimwachia mwanasaikolojia mwenzake William James, aliyeutumia katika mihadhara ya Gifford, mihadhara ya wazi kuhusu dini, pale Edinburgh mwaka 1901 na 1902. James aliweka kando viongozi, taratibu za ibada na mabishano ya kiteolojia, akashughulika na yale ambayo mtu mmoja mmoja alihisi, alitenda na kupitia akiwa peke yake. Lakini kwa makusudi alichagua mifano mikali: wenye maono, waliogeuka ghafla, walioteseka nafsini hadi karibu kuvunjika. Alikuwa na sababu zake, ila wewe usimfuate huko. Ukiingia kwa mhojiwa ukiwa na hamu ya muujiza, atakuona usoni, na yule ambaye maisha yake ya kiroho ni kukaa kimya dakika chache kila alfajiri ataamini hana cha kukuambia.

Alister Hardy, mtaalamu wa zoolojia aliyeanzisha kituo cha kuchunguza mang'amuzi ya kidini, yaani mambo ya kidini ambayo mtu ameyapitia na kuyahisi mwenyewe, huko Oxford mwaka 1969, aliwauliza watu kama wamewahi kutambua uwepo au nguvu iliyo tofauti na nafsi yao ya kila siku, au kuathiriwa nayo, wawe wanaiita Mungu au la. Tazama swali hilo linavyofanya kazi. Halimlazimishi mtu kuchagua jina wala kundi. Halimuulizi anaamini nini. Linamuuliza nini kimempata. Udhaifu wake ni kwamba linaweza kujibiwa kwa "ndiyo" au "hapana", na linataja "nguvu" kabla mhojiwa hajasema neno. Kwa dodoso la watu wengi linatosha. Kwa mazungumzo ya ana kwa ana tunahitaji linalofungua zaidi.

Mimi ningekuandikia hivi: "Katika kipindi cha ugonjwa, kuna wakati ulijisikia hauko peke yako? Au kinyume chake, kwamba umeachwa peke yako kabisa? Chagua wakati mmoja tu, unisimulie tangu mwanzo." Sehemu hiyo ya "kinyume chake" usiifute hata msimamizi wako akikuambia inarefusha swali. Nimehesabu katika mwongozo wako: faraja, nguvu, matumaini, shukrani na amani vimetajwa tena na tena. Hasira haipo. Shaka haipo. Kuhisi kwamba Mungu amekunyamazia, au kwamba ugonjwa ni adhabu, havipo. Kenneth Pargament, mwanasaikolojia wa dini, na wenzake wameandika kwa miaka mingi kwamba imani huwa msaada kwa mgonjwa, na pia huweza kuwa uwanja wa mapambano: mtu na Mungu wake, mtu na waumini wenzake, mtu na nafsi yake. Mwongozo unaouliza faraja pekee utaleta faraja pekee, kisha utaandika kwenye sura ya matokeo kwamba wahojiwa wote walifarijika. Mtahini mwenye macho atakuuliza kama uliwaachia nafasi ya kusema vingine.

Mtu akishaanza kusimulia, maswali yako yawe mafupi na ya chini kabisa. Ulikuwa wapi? Nani mwingine alikuwepo? Nini kilitangulia? Mwilini ulihisi nini, sehemu gani? Kikaishaje? Ulifanya nini baada ya hapo? Uliwahi kumwambia nani? Hilo la mwisho lina thamani kuliko linavyoonekana, nitalirudia. Jiepushe na "kwa nini". Ukiuliza "Kwa nini ulijisikia hivyo?" unamrudisha kwenye maelezo na utetezi, yaani mahubirini. Ukiuliza "Ulijuaje kwamba yalikuwa majibu ya sala yako?" unambakiza ndani ya tukio, akitazama jinsi lilivyompata.

Na akihubiri? Usimkatize. Kwake anakupa kitu cha thamani, pengine anaamini anakuokoa. Ngoja avute pumzi, kisha shika kitenzi kimoja kutoka kwenye maneno yake mwenyewe umrudishie. Akisema, "Mungu humpigania mja wake," mwambie, "Umesema humpigania. Wewe alikupigania lini?" Mara nyingi hapo sauti hubadilika, mtu hutazama pembeni, na simulizi huanza. Tena chunguza mahubiri yalianzia wapi. Kama alikuwa anasimulia usiku wa kabla ya upasuaji, halafu ghafla akaruka kwenye maandiko, hapo ndipo palipouma. Weka alama kwenye daftari, upite, urudi baadaye kwa upole: "Uliishia kwenye usiku ule." Kwa jinsi hii mahubiri nayo ni data, hasa pale yanapofanya kazi ya kufunika.

Mhojiwa wako wa pili ananivutia zaidi. Ulimwona mkavu, mimi namwona anakupima. Mwaka 1971 Dewi Rees, daktari wa jamii moja huko Wales, alichapisha matokeo ya mahojiano na wajane na wagane 293. Karibu nusu yao walikuwa wamewahi kumhisi, kumwona, kumsikia au hata kuzungumza na mwenzi wao aliyefariki. Wengi wao hawakuwa wamemwambia mtu yeyote mpaka walipoulizwa. Watu wanayo mambo haya, wanayaficha kwa kuogopa kuchekwa au kuonekana wamerukwa na akili, na huyatoa tu wakishajua aliye mbele yao atayapokea vipi. Ndiyo maana "Uliwahi kumwambia nani?" ni swali kubwa: jibu likiwa "hakuna", jua umepewa amana.

Kwa hiyo alipokuuliza unasali wapi, alikuwa anauliza kama uko salama. Hapo kuna njia mbovu tatu. Moja ni kudanganya. Ya pili ni kumwambia "hapa mimi ndiye ninayeuliza", ambayo inaua mazungumzo papo hapo. Ya tatu ni kueleza imani yako kwa kirefu, naye tangu hapo atayachonga maneno yake yakufae. Jaribu hivi: "Swali lako ni la haki, na nitakujibu tukimaliza. Sitaki jibu langu likuelekeze. Kwa sasa nataka kusikia ya kwako, na hakuna utakalosema nitakalolicheka." Kisha ukimaliza, jibu kweli. Ukiahidi na ukaondoka bila kujibu, hutapata mkutano wa pili, na hustahili kuupata.

Usidhani pia kwamba ukiwa dini moja na mhojiwa kazi imekuwa rahisi. Huwa ngumu zaidi. Atakuambia, "Si unajua mwenyewe jinsi inavyokuwa," nawe utatikisa kichwa, na kinasa sauti hakitakuwa kimenasa chochote. Mwambie, "Chukulia sijui hata kidogo." Ukiwa wa dini nyingine, au huna dini, hatari yako ni ya upande wa pili: kumtazama kama kitu cha ajabu. Théodore Flournoy, mwanasaikolojia wa Geneva aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 20, alishauri kwamba saikolojia ya dini isithibitishe wala isikanushe kuwepo kwa kile ambacho muumini anasema amekutana nacho. Kazi yetu inaishia kwenye mang'amuzi yenyewe na maana yake kwa mtu. Kwa maneno ya vitendo, usimwambie mhojiwa "kweli Mungu alikuponya" na usimwambie "pengine zilikuwa dawa". Kabla ya mahojiano ya kwanza kaa uandike kurasa mbili tatu kuhusu imani yako mwenyewe: simulizi ipi ingekukera, ipi ungefurahi kuisikia, ipi ungetamani isiwe kweli. Zihifadhi. Utakapofika kwenye uchanganuzi zitakuonyesha mahali ulipomsikiliza mtu nusu nusu.

Kuna kunyamaza kwa aina nyingine. Mtu anasema, "Siwezi kueleza." Wanaoanza hudhani amekataa, wanarukia swali linalofuata. James alipotaja alama za mang'amuzi ya kifumbo aliweka nne: hayasemeki kwa maneno, humwachia mtu hisia kwamba amejua jambo, hudumu kitambo kifupi, na humjia mtu bila yeye kuyaongoza. Hiyo ya kwanza ndiyo unayokutana nayo. Nyamaza naye. Hesabu pumzi zako mwenyewe ukishindwa kuvumilia. Kisha uliza kwa mlango wa nyuma: "Haikufanana na nini?" Watu wasioweza kusema jambo lilikuwaje huweza kusema halikuwaje: haikuwa kama ndoto, haikuwa kama furaha ya kawaida, haikuwa sauti ya masikioni. Mikono nayo husema. Akigusa kifua au akiinua kiganja, kitaje kwa sauti ili kibaki kwenye rekodi: "Umeweka mkono kifuani." Mara nyingi atakusahihisha, na katika kukusahihisha atasema kile alichodhani hakisemeki.

Mahali na njia ya kuwapata watu. Usihojie ndani ya nyumba ya ibada, na usikubali kiongozi wa dini akuchagulie watu. Anaweza kukufungulia mlango kwa kutangaza utafiti, basi. Wanaotaka wakutafute wenyewe. Akikuteulia, atakuteulia waumini wa mfano, na kila mmoja wao atasema akijua maneno yanaweza kurudi kwake. Amua mapema pia utafanya nini mhojiwa akianza kusali katikati ya mazungumzo, au akitaka kukuombea wewe. Haya hutokea. Maoni yangu: zima kinasa sauti isipokuwa amekuruhusu waziwazi, na kaa kwa heshima bila kuigiza. Kukubali kuombewa ni hiari yako, ila ukikubali au ukikataa andika, kwa sababu kilichosemwa baada ya hapo kimesemwa kwa mtu aliyeombewa au aliyekataa.

Kuhusu ridhaa, fomu ya chuo chako itakuongoza katika ya kawaida, kwa hiyo nitataja mawili tu ambayo fomu nyingi huyapita. La kwanza ni kwamba katika mada hii kubadilisha jina hakumfichi mtu. Simulizi yenyewe ndiyo kitambulisho. Aliyepata ono wodini na baadaye akalishuhudia mbele ya mamia ya waumini anajulikana kwa ono hilo, umwite jina lolote. Kabla ya kunukuu kifungu cha namna hiyo, mrudishie akisome kikiwa na maneno jinsi yatakavyochapishwa, na akitaka kukiondoa, kiondoe. Weka kwenye fomu tarehe ambayo baada yake hutaweza tena kuondoa, ili nyote wawili mjue. La pili ni kwamba wahojiwa wako wamepitia karibu na kifo. Wengine watalia. Kulia si lazima kusitishe mahojiano, uliza, "Tupumzike, tuendelee, au tuishie hapa?" na umwache achague. Uwe na mshauri nasaha aliyekubali mapema kupokea watu utakaomwelekeza. Usigeuke wewe kuwa mshauri, hata kama umesomea, maana hakuja kwako kwa ajili hiyo na hamkukubaliana hivyo.

Kuna pia mhojiwa atakayekuambia anasikia sauti. Usikimbilie utambuzi wa ugonjwa. Toleo la mwaka 1994 la mwongozo wa utambuzi wa Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani liliweka "tatizo la kidini au kiroho" miongoni mwa mambo yanayoweza kushughulikiwa na tabibu bila kuhesabiwa kuwa ni ugonjwa wa akili. Kusikia kitu si kigezo cha kutosha. Uliza sauti husema nini na mtu anaishi nayo vipi. Ikiwa inamwamuru ajidhuru au adhuru mwingine, au inamkataza dawa naye anatii, au hali chakula wala halali usingizi, hapo usalama wake unatangulia tasnifu yako. Usiri una mpaka, na mpaka huo uwe umeandikwa kwenye fomu ya ridhaa na umesemwa kwa mdomo kabla ya swali la kwanza.

Sasa idadi. Utakutana na watu watakaokuambia 12. Chanzo chake ni makala ya Greg Guest, Arwen Bunce na Laura Johnson ya mwaka 2006, waliochambua mahojiano 60 ya wanawake wa Ghana na Nigeria, wakakuta kwamba baada ya 12 ya kwanza hakukuwa na mengi mapya ya kuingiza kwenye orodha yao ya misimbo, yaani majina mafupi ambayo mtafiti huvipa vifungu vya mahojiano. Watu wanaitaja 12 kama amri, wakati waandishi wenyewe walieleza mazingira yake: washiriki waliokaribiana sana, walioulizwa maswali yale yale. Kirsti Malterud na wenzake waliandika mwaka 2016 kwamba cha kutazama ni uzito wa taarifa iliyomo katika sampuli: lengo likiwa finyu, wahojiwa wakiwa wa aina mahususi na mazungumzo yakiwa ya kina, watu wachache wanatosha. Wanaotumia uchanganuzi wa kifenomenolojia wa Jonathan Smith, yaani njia ya kuchunguza kwa kina jinsi mtu mwenyewe alivyolipitia jambo na maana anayolipa, huenda chini zaidi, kwa sababu kila mtu huchambuliwa peke yake kwanza kabla ya kulinganishwa na mwingine. Kwa utafiti wako ningechagua watu wanane hadi kumi, kila mmoja mara mbili, badala ya ishirini kwa mara moja. Mkutano wa pili ndio wenye mali. Kati ya mikutano hiyo mtu hukumbuka, hujirekebisha, na hujua sasa kwamba hukumcheka. Andika kwenye sura ya mbinu sababu za idadi hiyo. Tasnifu haikataliwi kwa idadi ndogo iliyotetewa vizuri. Hukwama kwa idadi iliyochukuliwa tu kwa sababu mwingine aliitumia.

Uchanganuzi ni somo la jibu lingine, ila nakuonya mapema juu ya misimbo kama "faraja" na "imani". Ni vibandiko vya kuwekea data isisumbue. Ninapochambua simulizi za namna hii hutenga tabaka tatu kwenye kila kifungu: kilichotokea, maana ambayo mtu huyu alikipa, na maana ambayo dini yake imemfundisha kukipa. Zikifanana, andika. Zikigongana, simama hapo siku nzima ukihitaji. Ni hapo saikolojia yenyewe ilipo. Na usihesabu kila utulivu kuwa wa kiroho. Harold Koenig, daktari wa magonjwa ya akili anayetafiti dini na afya, amelalamikia tafiti zinazoingiza amani ya moyo na kuona maisha yana maana ndani ya tafsiri ya hali ya kiroho, kisha zikatangaza kwamba wenye hali nzuri ya kiroho wana afya njema ya akili. Hapo jambo limepimwa kwa lenyewe. Mhojiwa akisema alipata amani, muulize ilitoka wapi kwa jinsi anavyoona yeye. Huenda akasema ilitokana na dawa ya maumivu, nalo ni jibu halali.

Punguza maswali 22 yawe sita au saba: moja la kumfanya azoee kuongea, kuhusu siku zake za kawaida kabla ya kuugua, mawili ya matukio, moja la mapambano, moja la nini kimebadilika katika anayoyafanya, si anayoyaamini, na la mwisho, "Kuna jambo ulidhani nitakuuliza na sikuuliza?" Hilo usiliache, na usizime kinasa sauti haraka baada yake. Mwongozo mpya lazima urudi kwenye kamati ya maadili ya utafiti kabla hujamhoji mtu mwingine, hata kama unaona umepunguza tu maswali, kwa sababu swali la kuachwa peke yako na lile la hasira hayakuwemo katika yale waliyoidhinisha.

Wale wawili wa majaribio usiwatupe. Kasome upya yale mahubiri ukitafuta sentensi iliyoyatangulia. Yule wa pili mwombe mkutano mwingine, na umjibu swali lake la mahali unaposali, maana bado anakudai jibu. Ila angalia fomu waliyotia saini: kama iliandika kwamba mazungumzo yale ni ya kupima mwongozo tu, huwezi kuyaingiza kwenye matokeo bila ridhaa mpya ya kila mmoja wao.